Nani Atamwambia Mkuu? Kujitambua kwa Kiongozi kama Suala la Mpangilio wa Kazi

Ikisiri

Maandiko mengi ya uongozi huchukulia kujitambua kuwa sifa ya mtu binafsi inayopatikana kwa tafakuri, semina na vipimo vya haiba. Makala hii inapinga mtazamo huo. Kwa kutumia ajali ya ndege ya Tenerife ya mwaka 1977, tafiti za saikolojia ya kazini, na uzoefu wa Tanzania tangu Mwongozo wa TANU hadi mfumo wa tathmini wa OPRAS, inajenga hoja kwamba kiongozi hujijua kwa kadiri wale walio chini yake wanavyoweza kumwambia ukweli bila kuumia. Kwa hiyo kujitambua ni jambo la kupangwa na taasisi, na kiongozi anapaswa kuwajibishwa kwalo kama anavyowajibishwa kwa fedha anazosimamia.

1. Utangulizi

Peter Salovey na John Mayer waliandika kuhusu akili ya hisia mwaka 1990, na kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995 kikaisambaza dhana hiyo duniani kote. Tangu hapo kujitambua kumepata nafasi ya kudumu katika mafunzo ya uongozi. Washiriki wa semina elekezi hujaza dodoso la haiba, huorodhesha uwezo na udhaifu wao, husikiliza mada kuhusu kudhibiti hasira, kisha hurudi ofisini na cheti. Mafunzo haya yamejengwa juu ya dhana moja ambayo ni nadra kutamkwa: kwamba taarifa anazohitaji kiongozi ili ajijue zimo ndani yake, na anachokosa ni utulivu wa kuzitafuta.

Ninadai kuwa taarifa hizo, kwa sehemu kubwa, hazimo ndani yake. Ziko kwa katibu muhtasari anayejua ni siku gani faili lisipelekwe mezani. Ziko kwa mhasibu aliyeacha kutoa maoni kikaoni tangu alipokatizwa mbele ya wenzake. Ziko kwa nesi wa zamu ya usiku anayepima kama kosa la dozi litajwe au lifichwe. Hao ndio wanaomjua kiongozi kama kiongozi, na cheo chake ndicho kinachowazuia kumwambia. Hapo ndipo palipo na tatizo la kisaikolojia ambalo tafakuri ya mtu mmoja, hata iwe ya dhati namna gani, haiwezi kulitatua.

2. Mipaka ya kujitazama

Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha makala iliyotikisa imani ya wanasaikolojia katika maelezo ambayo watu hutoa kuhusu nafsi zao. Katika jaribio mojawapo, wateja dukani waliombwa kuchagua soksi bora kati ya jozi nne ndefu za kike zilizopangwa mezani. Jozi zote zilikuwa sawa kabisa. Hata hivyo, jozi ya mwisho upande wa kulia ilichaguliwa mara nyingi zaidi kuliko nyingine. Walipoulizwa sababu, wateja walitaja ubora wa soksi wenyewe. Hakuna aliyetaja mahali zilipowekwa, na walipoulizwa moja kwa moja kama mahali palikuwa na athari, karibu wote walikana. Hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakitoa sababu inayoeleweka kwa uamuzi ambao chanzo chake hawakukiona.

Tukiupeleka ugunduzi huu ofisini, uzito wake unaonekana. Mkuu wa idara anayesema alimpa fulani safari ya mafunzo kwa sababu ya bidii yake anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea. Huenda kilichomsukuma ni kwamba fulani hampingi, au wanatoka chuo kimoja, au ndiye aliyekaa karibu naye kikaoni. Akijichunguza usiku kucha ataipata ile sababu ya bidii, kwa kuwa ndiyo inayokubalika mbele ya dhamiri yake. Walioikosa safari hiyo wana takwimu asizokuwa nazo: wanakumbuka safari tano zilizopita zilimwendea nani.

Tena, kujifikiria sana hakumfanyi mtu ajijue zaidi. Paul Trapnell na Jennifer Campbell walionyesha mwaka 1999 kwamba kuna kujitafakari kunakotokana na hamu ya kujielewa, na kuna kujirudiarudia kimawazo kunakosukumwa na hofu na majuto. Kujirudiarudia huko huleta fadhaa bila kuleta uelewa. Kiongozi anayelala akiwaza kama watumishi wanampenda anaweza kuamka akiwa mkali zaidi kuliko jana. Joseph Luft na Harrington Ingham walikuwa wameugusa mpaka huu mapema, mwaka 1955, walipochora dirisha lao la vyumba vinne. Chumba kimoja kina mambo ambayo wengine wanayaona na mwenyewe hayaoni. Hicho hakifunguliwi kutoka ndani. Lazima mtu mwingine aseme, na ndipo swali la cheo linapoingia.

3. Tenerife: ukimya wa wataalamu

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Hakuna ajali nyingine ya ndege za abiria iliyoua watu wengi kiasi hicho. Sababu zilikuwa kadhaa. Bomu lililolipuka katika uwanja wa Gran Canaria lilikuwa limesababisha ndege nyingi zielekezwe Tenerife, ukungu ulikuwa mzito, mawasiliano ya redio yaliingiliana, na marubani wa KLM walibanwa na kanuni za saa za kazi. Kwa mada yetu, jambo la kuangaliwa kwa karibu ni dakika za mwisho ndani ya chumba cha marubani cha KLM.

Rubani mkuu, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa miongoni mwa watu wenye heshima kubwa zaidi katika shirika hilo. Aliongoza mafunzo ya marubani wa 747, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa naye na kupitishwa kurusha aina hiyo ya ndege miezi michache tu kabla. Van Zanten alipoanza kuongeza nguvu ya injini, msaidizi alimkumbusha kuwa mnara wa kuongozea ndege haujatoa ruhusa. Alijibu kwamba anajua, akamwambia aiombe. Mnara ukatoa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, ambayo si ruhusa ya kuruka. Msaidizi akiwa bado anayarudia maelekezo hayo redioni, rubani mkuu alianza kuondoka. Msaidizi hakumzuia mara ya pili.

Ndege ikiwa inashika kasi, mhandisi wa ndege alisikia redioni kuwa Pan Am ingetoa taarifa itakapotoka njiani. Akauliza kama ile ndege haijatoka bado. Rubani mkuu alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Wachunguzi wa Hispania waliandika kwamba huenda hadhi ya rubani huyo ilifanya iwe vigumu kwa wenzake kufikiri kuwa mtaalamu wa kiwango chake angeweza kukosea namna ile.

Tuangalie kilichokuwamo chumbani. Kulikuwa na watu watatu wenye ujuzi. Mmoja wao alikuwa na wasiwasi sahihi, kwa wakati sahihi, na aliusema. Lakini aliusema kama swali. Jibu lenye mkazo lilitosha kulimaliza swali hilo, kwa kuwa kulirudia kungekuwa kumpinga mkuu waziwazi. Van Zanten hakuwa mtu wa hovyo. Rekodi yake ilimpa kila sababu ya kujiamini, na ni sifa hiyo hiyo iliyowafunga mdomo wenzake. Hakuna dodoso la haiba lingemwonyesha hilo, kwa sababu udhaifu haukuwa ndani ya nafsi yake peke yake. Ulikuwa kati yake na walioketi naye.

Sekta ya usafiri wa anga ililielewa somo hili kwa namna ambayo sekta nyingi bado hazijaifikia. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha kuhusu makosa ya kibinadamu katika chumba cha marubani, na mwaka 1981 shirika la United likaanzisha mafunzo ya kwanza kamili ya ushirikiano wa marubani. Hawakuishia kumwambia rubani mkuu awe mnyenyekevu. Walibadilisha utaratibu: wadogo walifunzwa kusema wasiwasi wao wazi na kuurudia usipojibiwa, na wakubwa walifunzwa kuuomba kabla haujaja. Kusema kukawa sehemu ya kazi, na kunyamaza kukawa kosa la kitaaluma.

4. Je, ni utamaduni wetu?

Wapo watakaosema kwamba ukimya mbele ya mkubwa ni utamaduni wa Kiafrika, na kwamba nadharia za Magharibi haziwezi kuuondoa. Hoja hii hutegemea mara nyingi vipimo vya Geert Hofstede, aliyezipa nchi alama za umbali wa kimamlaka, yaani kadiri watu wanavyokubali tofauti za vyeo. Afrika Mashariki ilipewa 64, Uholanzi 38. Lakini chumba cha marubani tulichokieleza kilikuwa cha Waholanzi, raia wa nchi ambayo kwa kipimo hicho hicho haitukuzi vyeo, na Hofstede mwenyewe alikuwa Mholanzi. Kama ukimya ungekuwa zao la utamaduni wa taifa pekee, mhandisi yule asingenyamaza. Sidney Rosen na Abraham Tesser walionyesha tangu 1970, kwa majaribio yaliyofanyika Marekani, kwamba watu husita kufikisha habari mbaya kwa mhusika hata pale wasipokuwa na hatia yoyote. Woga wa kumletea mtu habari asiyoipenda upo kila mahali, na cheo huuongezea makali.

Hata hivyo, namna ukimya unavyovaa lugha hutofautiana, na hapa Kiswahili kinastahili kutazamwa kwa makini. Chukua kikao cha menejimenti cha kawaida. Mkurugenzi ameeleza mpango wake kwa nusu saa, kisha anauliza kama kuna maoni. Mkuu wa manunuzi, anayejua kuwa mzabuni aliyependekezwa alishindwa kutekeleza mkataba uliopita, anasema: “Mkuu, wazo ni zuri sana. Labda kwa upande wa mzabuni tungeliangalia tena kidogo.” Mkurugenzi anajibu, “Hilo tumeshaliangalia,” na kikao kinasonga. Katika muhtasari inaandikwa kuwa wajumbe waliafiki. Baada ya chai, kwenye korido, kila mtu anasema mpango utakwama.

Mkuu wa manunuzi hakunyamaza. Kwa mtu aliyelelewa katika adabu ya lugha hii, “tungeliangalia tena kidogo” ni onyo zito. Tatizo ni kwamba adabu humpa mkubwa nafasi ya kusikia sifa na kuliacha onyo. Heshima yetu haimkatazi mdogo kusema. Ina njia nyingi za kufikisha neno kwa mkubwa: kuomba radhi kabla ya kusema, kumtumia mtu wa tatu, kungoja faragha. Wahenga walikwenda mbali zaidi waliposema mkubwa ni jalala, yaani anayekubali ukubwa amekubali pia kupokea malalamiko ya kila mtu. Wajibu uliosahaulika ni wa upande wa pili: mkubwa kusikia kilichofungwa ndani ya adabu, na kukifungua hadharani kwa kusema, “Naona una shaka na mzabuni. Tuambie yote.”

5. Kutoka Mwongozo hadi OPRAS

Historia ya Tanzania inatoa ushahidi wa kile kinachotokea mdogo anapopewa kinga ya kusema. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata TANU, chama tawala cha wakati huo, ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikawakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Kati ya 1971 na 1973, kama alivyoeleza Issa Shivji katika kitabu chake cha 1976, viwanda vingi vilikumbwa na migomo ambamo wafanyakazi walinukuu kifungu hicho na hata kuwafungia mameneja nje. Kinachovutia kisaikolojia ni madai yenyewe. Mengi hayakuhusu mishahara. Yalihusu lugha ya matusi, dharau na namna meneja alivyomtazama mtu wa chini.

Wafanyakazi hawakuanza kudharauliwa mwaka 1971. Walichopata mwaka huo ni andiko lenye mamlaka lililofanya malalamiko yao yatamkike. Mameneja wengi walijifunza kwa mara ya kwanza wanavyoonekana, na walijifunza vibaya, kwa kukuta geti limefungwa. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walifika hatua ya kuendesha kiwanda wenyewe, na dola ikaingilia kati. Kinga ilipoondoka, sauti ziliondoka nayo. Fundisho ni la pande mbili: mrejesho usipokuwa na njia ya kila siku hufika kama mlipuko, na kanuni ya maadili isiyolindwa na utaratibu haidumu.

Mabaraza ya wafanyakazi yangalipo katika utumishi wa umma, na ni urithi wa kujivunia. Lakini kwa kawaida mwenyekiti wake ndiye mkuu wa taasisi. Mtumishi mwenye jambo kuhusu mwenendo wa mkuu huomba nafasi ya kusema kwa mkuu huyo huyo. Baraza hupitia bajeti na stahiki kwa ufanisi, lakini ni gumu kwa mtu kulitumia kumwambia mwenyekiti wake ukweli unaomhusu.

Mwaka 2004 Tanzania iliachana na taarifa za siri za watumishi na kuanzisha OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwani mtumishi aliacha kuhukumiwa kwenye karatasi asiyoiona. Lakini uwazi ulielekea upande mmoja. Msimamizi na mtumishi walijadili utendaji wa mtumishi, ilhali hakukuwa na fomu iliyompa mtumishi nafasi ya kumtathmini msimamizi. Utafiti wa Nils Gunnar Songstad na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta watumishi wa afya wakisitasita kuhusu OPRAS, kwa sababu hawakuona kuwa inawapa mrejesho juu ya kazi yao wala manufaa ya kifedha. Kama hata mrejesho wa kwenda chini ulikwama, wa kwenda juu haukuwa na pa kupita. Mifumo ya kielektroniki inayochukua nafasi ya fomu za karatasi inaleta kasi na kumbukumbu bora. Isipobadili nani anamtathmini nani, itaacha pengo lile lile katika skrini mpya.

6. Mpangilio unaomfundisha kiongozi

Amy Edmondson alipochunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, alikuta jambo lililomshangaza. Timu zilizokuwa na uongozi bora na mahusiano mazuri zilikuwa na makosa mengi zaidi katika rekodi. Maelezo aliyoyafikia yalibadilisha uwanja huu wa utafiti: inawezekana hazikukosea zaidi, ila zilisema zaidi. Mwaka 1999 aliliendeleza wazo hilo kwa jina la usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya pamoja ya wanatimu kwamba kuuliza, kukiri kosa au kupinga hakutamletea mtu aibu wala adhabu.

Matokeo haya yanageuza namna tunavyosoma ofisi. Idara ambayo kwa mwaka mzima haina taarifa ya kosa, lalamiko wala pingamizi haipaswi kupongezwa haraka. Huenda ni idara bora. Huenda pia ni idara ambayo mkuu wake ndiye mtu wa mwisho kujua.

Tahadhari moja inahitajika. Avraham Kluger na Angelo DeNisi, katika uchambuzi wao wa mwaka 1996 wa tafiti nyingi kuhusu mrejesho, walikuta kwamba zaidi ya theluthi ya juhudi za kutoa mrejesho zilishusha utendaji badala ya kuupandisha, na kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyogusa nafsi ya mtu badala ya kazi. Kwa hiyo haitoshi kukusanya lawama na kumtupia kiongozi. Mrejesho unaomsaidia ni ule wa tendo: “ulimkatiza mhasibu mara tatu kabla hajamaliza takwimu.” Unaomwambia kuwa ana kiburi utamfanya ajitetee.

Kutokana na hoja hizi napendekeza mambo manne. Kwanza, katika kikao chochote cha uamuzi, mwenye cheo kikubwa aseme mwisho, na wa cheo cha chini aanze. Pili, kila uamuzi mzito utengewe mjumbe mwenye jukumu rasmi la kueleza unavyoweza kushindikana, na jukumu hilo lizunguke, ili kupinga kuwe kazi aliyopewa mtu na pasiwe na wa kumhesabia ukaidi. Tatu, wasimamizi watathminiwe pia na wanaowasimamia, kwa maswali ya matendo, majibu yakijumlishwa ili asijulikane nani kasema nini, na kikao cha baraza kinachopokea matokeo hayo kiongozwe na mtu asiye mkuu wa taasisi. Nne, kiongozi aeleze hadharani alichobadilisha baada ya kusikia. Bila hatua hii ya nne zile tatu zitakufa, kwa kuwa watu huacha kusema wanapoona maneno yao hayaendi popote.

Je, mpangilio huu haumwondolei kiongozi wajibu wake wa kimaadili? Hapana, unauweka mahali unapoonekana. Tukisema kujitambua ni hali ya moyo, hakuna anayeweza kumwajibisha mtu kwa kuikosa, na kila kiongozi atadai anayo. Tukisema ni utaratibu, tunaweza kuuliza kama upo au haupo. Bado atahitaji ujasiri wa kuuanzisha na subira ya kuusikiliza, na huo ni mtihani mgumu kuliko kujaza dodoso.

7. Hitimisho

Makala hii imedai kwamba ujuzi ambao kiongozi anauhitaji zaidi kujihusu uko mikononi mwa watu ambao cheo chake kinawanyamazisha, na kwamba hali hiyo haitibiwi na nia njema. Tenerife inaonyesha kwamba umahiri wa mtu unaweza kuwanyamazisha wenzake, na miaka ya Mwongozo inaonyesha kuwa sauti hutoka pale zinapolindwa. Wodi za Edmondson nazo zinaonyesha kwamba mahali panaposemwa makosa ndipo panapofaa kuaminiwa.

Basi kamati za uteuzi na bodi zinapompima kiongozi, ziache kumwomba aeleze udhaifu wake, kwa maana atataja ule usiomdhuru. Zimuulize ni uamuzi gani aliubadilisha baada ya mtu wa chini yake kumpinga, kisha zimwite mtu huyo na kumuuliza kilimpata nini baadaye. Jibu la pili ndilo lenye uzito. Kama aliyepinga alihamishwa, alinyimwa nafasi au aliacha kazi, bodi imepata habari ambayo huenda kiongozi mwenyewe haijui, na inao wajibu wa kumwambia.